Mama mkwe anasema juisi yangu ya friza imekufa, je nawanywesha familia rangi na sukari tupu?

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usiliweke maana wifi yangu ni msomaji mzuri sana wa safu hizi, akijua ni mimi nimekwisha.

Mi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 5. Naishi na mume wangu pamoja na mama yake, alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki na mimi nilikubali kwa moyo mmoja, sitaki uone kama namchukia. Kazi yangu ni ya shifti, kuna asubuhi natoka bado giza na kuna siku narudi mtoto ameshalala. Sasa toka zamani mi hununua ile juisi nzito ya machungwa iliyogandishwa, ile konsentreti ya kopo inayokaa friza, unaitoa unaongeza maji makopo matatu unakoroga umepata jagi zima. Haiozi, haina kukamua, na mtoto anaipenda. Chungwa lenyewe hataki hata kuliona, anasema lina nyuzi, analitafuna kidogo anatema, kwahiyo nkasema bora anywe hiyo kuliko kukosa kabisa. Anakunywa asubuhi, anabeba kwenye chupa yake ya shule, na jioni akisumbua anapewa tena.

Mama alivyoliona kopo akauliza hii nini, nikamwelezea, akasema juisi imechemshwa, ikagandishwa, ikakaa miezi kwenye barafu, hiyo imekufa, vitamini zimebaki wapi? Tangu hapo nikiwa shifti anakamua machungwa kwa mkono anajaza jagi lake analiweka friji mbele ya langu. Mtoto anapewa glasi kubwa ya bibi, alafu baadae analilia ya mama, anapewa na hiyo pia. Yeye mama mwenyewe kila asubuhi pamoja na vidonge vyake vya presha anakunywa glasi ya balungi alilokamua, kuna mtu alimwambia inashusha presha.

Kilichoniuma zaidi ni wifi. Alituma voisi kwenye grupu la familia, eti wanawake wa siku hizi wanalea watoto kwa kopo, wavivu hata kukamua chungwa. Hakutaja mtu ila wote walijua ni mimi, na mume wangu akaweka emoji ya kucheka. Emoji Anti! Sijalala usiku ule.

Na huyo mume nae alipimwa sukari kazini akaambiwa iko juu kidogo, bado hajafika kwenye kisukari ila ajiangalie. Akaacha soda kabisa, nikafurahi, ila sasa amehamia kwenye juisi, anakunywa glasi mbili tatu kwa siku anasema hii ni tunda haina shida. Tena akichanganya yeye anaweka maji makopo mawili tu, anasema ya tatu inaharibu ladha. Mama anasema hiyo sukari imeletwa na kopo langu.

Sasa Anti niambie ukweli, ni kweli kwenye lile kopo hamna kitu? Niache kununua ili nyumba itulie? Au nimwambie mama wazi kwamba hapa ni kwangu? Na huyu mume aliyenicheka nimfanyeje? Nimechoka jamani.

Ni mimi Mama Kopo (ndio jina langu jipya kwenye grupu)

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilikasirikia ile emoji nikashindwa kuendelea vizuri.

Nikikuelewa sawasawa una mambo mawili yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna swali la lishe, kwamba hii juisi ina kitu au haina. Alafu kuna swali la heshima, kwamba mwanamke anaetoka nyumbani giza akarudi giza anaitwa mvivu na watu anaowahangaikia, na mwenzie wa ndani anacheka. Unatamani la kwanza lijibiwe ili la pili liishe, yaani Anti akisema kopo ni zuri basi umeshinda. Hapo nina wasiwasi, ila tuanze na kopo kwanza maana ndio ulichouliza.

Hapana, haijafa. Hiyo teknolojia ilitengenezwa Florida kule Marekani miaka ya 1940, wakati wa vita kuu ya pili, jeshi lilikua linatafuta namna ya kuwafikishia askari vitamini C mbali na mashamba bila juisi kuharibika. Kabla ya hapo juisi ilikua inapikwa mpaka inakua nzito na inabaki na ladha ya kuungua, watu hawaitaki. Wataalamu watatu, MacDowell, Moore na Atkins, wakaja na njia nyingine, wanatoa maji kwenye mtambo uliopunguzwa hewa ili yawe mvuke kwa joto dogo, juisi inakua nzito kupita inavyotakiwa, alafu wanarudishia juisi mbichi kidogo ili harufu na ladha ya chungwa irudi, ndo inagandishwa. Hati miliki yao ilitoka 1948. Kwahiyo mama akisema imepashwa moto yuko sawa, akisema imegandishwa yuko sawa pia, anapokosea ni pale anaposema hakuna kilichobaki.

Vitamini C adui zake wakubwa ni hewa, joto na muda. Kwenye kopo lililofungwa, ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hao wote watatu wamebanwa, ndio maana inakaa miezi na inapoteza kidogo sana. Ukishachanganya vizuri, kopo moja na maji matatu, glasi ya mililita 240 inakupa kama miligramu 80 hadi 100 za vitamini C. Iliyokamuliwa sasa hivi inaweza kuzidi hapo, ikafika kama 120. Mama ana haki ya kujivunia hilo. Ila mtoto wa miaka 5 anahitaji miligramu 25 tu kwa siku, mwanamke mzima 75, mwanaume 90. Ikishazidi mahitaji ya mwili inatoka na mkojo, kwahiyo kushindana nani ana miligramu nyingi zaidi hakumuongezei mtoto chochote. Kuna madini ya potasiamu pia na foleti, moja ya vitamini za kundi B, na vyote viwili kwenye kopo viko vizuri tu. Na hiyo vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye nafaka na mboga kama juisi inanywewa pamoja na chakula. Hilo halijali imetoka friza au imetoka kwenye mkono wa bibi.

Ukishachanganya lakini saa inaanza kuhesabu, funika jagi, liweke friji, na linywewe ndani ya siku chache. Jagi la mama nalo ni hivo hivo, likikaa wazi mezani toka asubuhi mpaka jioni ule ubichi anaousifia unaondoka taratibu.

Alafu angalia lebo, hili wengi wanalipita. Konsentreti ya juisi halisi asilimia 100 kwenye viambato utakuta ni chungwa na karibu hakuna kingine. Kuna ndugu zake wanakaa friza hiyo hiyo na kopo linafanana, limonedi, panchi, vinywaji vya ladha ya machungwa, hivo vimeongezewa sukari na juisi yenyewe ni kidogo. Hujaniambia lako ni lipi. Kama ni la aina hii ya pili basi mama ana hoja nzito kuliko unavyopenda kusikia.

Sasa nikuulize kitu taratibu usinikasirikie. Nyumbani kwenu mnabishana friza au mkono. Hakuna anaeuliza ni glasi ngapi. Glasi moja ya juisi ya machungwa, ya kopo iliyochanganywa sawasawa au ya kukamua, zote mbili zina kalori kama 110 na sukari inayokaribia gramu 21, vijiko vitano vya chai. Zimefanana mdogo wangu. Chungwa zima la wastani lina sukari kama gramu 12 na nyuzinyuzi kama gramu 3, na glasi ya juisi nyuzinyuzi zake hazifiki hata gramu 1, maana zimebaki kwenye chujio na kwenye zile ngozi nyeupe anazozitema mwanao. Kujaza glasi unahitaji machungwa matatu hivi, na hakuna mtu anakaa anakula matatu kwa dakika moja, ila kuyanywa, dakika moja tu yameisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 liliiweka sukari ya juisi ya matunda, na ya konsentreti, kwenye kundi moja na sukari ya kijikoni na asali, ile wanayotaka ipunguzwe, na kiwango wanachosema ni bora zaidi kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Sukari iliyo ndani ya tunda zima hawakuihesabu humo.

Kwahiyo dhana kwamba mshindi ni kopo au mshindi ni mkono, mi naona inawaficha kitu nyote wawili, wewe na mama. Mtoto anakunywa yako asubuhi, ya chupa shuleni, ya bibi glasi kubwa, na ya jioni. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 walisema mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidi mililita 120 hadi 180 kwa siku nzima, yaani nusu glasi au zaidi kidogo, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Wako sijui anafika wapi, nimejaribu kujumlisha nikaacha. Na ile chupa ya shule mimi inanisumbua kuliko zote, sio kwasababu ya vitamini, ni kwasababu anafyonza kidogo kidogo muda mrefu na juisi ya machungwa ni tindikali, meno yanaoga humo asubuhi yote. Maji kwenye chupa ile yangekua na kazi nzuri zaidi.

Mume wako nae tumpigie hesabu. Kopo moja na maji matatu unapata ujazo wa makopo manne. Yeye anaweka maji mawili anapata matatu, sukari ni ile ile imegawanywa sehemu chache, glasi yake inafika kama gramu 28. Mara mbili tatu kwa siku. Alivyoacha soda alifanya jambo zuri na nisingependa mtu amvunje moyo, ila ameingia kwenye juisi akidhani huku hamna geti. Kwa mtu alieambiwa sukari iko juu kidogo, juisi hata ya kukamua inapandisha sukari haraka, mpaka wagonjwa wa kisukari wakishuka sukari ghafla wanapewa kama mililita 120 za juisi kwa makusudi kabisa ili ipande. Mama kusema kopo lako limeleta hiyo sukari mi siwezi kukubali, sukari ya mwili ina mambo mengi nyuma yake, uzito, ukoo, mazoezi, vyakula vingine. Ila kusema juisi haihusiki kabisa nako siwezi. Dokta au mtaalamu wa lishe aliempima ndo wa kumwambia kiasi chake.

Haya tuje kwenye moyo.

Unaniuliza uache kununua ili nyumba itulie. Inawezekana, na kuna watu wamefanya hivo wakaishi kwa amani. Ila jiulize, ukishaliondoa kopo, mtoto atakunywa machungwa ya kukamua kiasi kile kile, mume atakunywa kiasi kile kile, na wewe utakua na kinyongo kwamba ulisalimu amri kwenye kitu ambacho hukua na kosa. Siku mama akisafiri au akiumwa, nani atakamua? Na wifi akishazoea kwamba voisi moja inabadilisha friza yako, kesho atakua na maoni kuhusu nini?

Unaniuliza umwambie mama hapa ni kwako. Ni kweli ni kwako. Lakini mama huyu kampoteza mwenzie, kaacha nyumba aliyokua anaiendesha mwenyewe, kaja kukaa kwenye jiko la mtu mwingine. Sijui yaliyo moyoni mwake, nakisia tu, ila wakati mwingine mtu anakamua chungwa kwasababu hajui afanye nini kingine ili aonekane bado anahitajika. Ukimwambia hapa ni kwangu huenda akaacha kukamua, na huenda akaacha na mengine ambayo wewe ukiwa shifti usiku unayategemea, nani anakaa na mtoto? Upande wa pili, ukinyamaza kila siku utapasuka, na siku utakayopasuka utasema maneno makali kuliko haya.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona kwenye barua yako mwenyewe ingawa hukuitaja. Mtoto hataki nyuzi. Bibi ana muda na mikono. Chungwa likimenywa likatolewa zile ngozi nyeupe na kokwa, likakatwa vipande vidogo vikakaa friji mpaka viwe baridi, watoto wengi wanaokataa chungwa wanalila hivo, na hiyo ni kazi ya subira ambayo wewe na shifti zako huiwezi na yeye anaiweza. Kumuomba msaada mama ni tofauti sana na kumnyang'anya jagi. Juisi inaweza kubaki, yako au yake, glasi ndogo moja wakati wa kula. Hatari yake ni kwamba mtoto atalia siku za mwanzo na wewe ukirudi umechoka utashawishika, na mama nae anaweza kuona umempa kazi badala ya heshima, inategemea unavyosema na unasema saa ngapi. Usiseme siku ya voisi.

Mume sasa. Mi nadhani hapa ndo penye kidonda zaidi ya kopo, umeandika mistari mingi kuhusu juisi na mmoja tu kuhusu emoji, ila ule mmoja ndo uliokunyima usingizi. Umeshamwambia kwamba iliumiza? Kwenye barua sijaona. Inawezekana alicheka kwa aibu, wanaume wengine wakiwekwa kati ya mama, dada na mke wanakimbilia kucheka. Inawezekana pia kweli aliona ni utani. Au aliona dada yake ana hoja, na hilo nalo ni bora ulijue kuliko kulikisia. Ukimuuliza mkiwa wawili una hatari ya kusikia usichopenda, usipomuuliza utaendelea kumjibu kwa kununa na yeye hatajua ananuniwa nini. Mtu wa kuongea na wifi na grupu nadhani ni yeye, ni dada yake yule. Ila umlazimishe? Sidhani, akienda kwa kulazimishwa atafikisha ujumbe kama posta, "mke wangu kasema".

Wengine wangekushauri uchapishe hizi namba ubandike kwenye friji. Unaweza, namba ni za kweli. Sema ujue mama akisoma ukuta unaomwambia amekosea mbele ya mjukuu, hatasoma miligramu hapo. Labda namba hizi zingemfikia vizuri zaidi zikitoka kliniki, siku mume anaenda kurudia kipimo mkaenda wote watatu, mama akauliza mwenyewe. Nako kuna hatari, mtaalamu anaweza kusema jambo litakalokuuma wewe, mfano kwamba chupa ya shule iachwe.

Ukichagua lolote katika haya, au ukachanganya, niandikie. Ukichagua kutofanya kitu kwa sasa nako ni sawa, una shifti na una mtoto, nguvu za kugombana sio za bure.

Isipokua jambo moja ambalo siwezi kukuachia ulipime pole pole, nalo ni lile balungi. Balungi lina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, dawa inaingia kwenye damu nyingi kuliko dokta alivyopanga. Baadhi ya dawa za presha zimo, kama felodipini na nifedipini, na baadhi za kushusha kolesteroli, kama simvastatini na atorvastatini. Nyingine haziguswi kabisa, kwahiyo sisemi dawa za mama zina shida, nasema hatujui ni zipi. Na kunywa balungi asubuhi vidonge jioni hakusaidii maana athari yake inaweza kukaa zaidi ya siku moja. Danzi nalo lina tabia hiyo, chungwa tamu la kawaida halina, na balungi likiwa la kukamua au konsentreti ya friza ni yale yale. Chukua pakti za dawa zake, au zipige picha, mpelekee mfamasia wiki hii umuulize jina kwa jina. Vidonge asiache hata siku moja wakati mnasubiri jibu, balungi ndo lipumzike kwanza, aweke chungwa la kawaida kwenye glasi yake ya asubuhi. Na ukienda kumwambia, nenda kama mtoto anaemuogopea mama yake, usiingize habari za kopo hata kidogo.

Wako,
Anti